Kete Mezani: Mafia na Mkataba wa 1890

Wanafunzi wanapokutana na msemo wa Kiingereza "bargaining chip" katika maandiko ya diplomasia, wengi huufasiri kuwa "karata ya turufu". Tafsiri hiyo inapotosha. Turufu hushikwa ili kushinda. "Chip", ambayo ni kidude cha kuwekea dau katika kamari, hushikwa ili itolewe, mradi kinachopatikana badala yake kina faida kubwa zaidi. Neno letu lililo karibu nayo ni kete.

Mtu wa Miburani, kata mojawapo ya Wilaya ya Mafia, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilitambua mamlaka ya Sultani wa Zanzibar juu ya Unguja, Pemba, Lamu na Mafia, pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Miaka 4 baadaye, tarehe 1 Julai 1890, dola hizo hizo zilitia saini mkataba mwingine mjini Berlin. Katika kifungu cha 11, Uingereza iliahidi kutumia ushawishi wake wote ili Sultani aiachie Ujerumani ukanda wa pwani uliokuwa chini ya kampuni ya Kijerumani, "pamoja na kisiwa cha Mafia". Ujerumani nayo ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza, ikaacha madai yake ya Witu, ikapata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini.

Sultani Ali bin Said aliahidiwa fidia ya mapato aliyoyapoteza. Wenyeji wa Heligoland, ingawa nao hawakuulizwa, walipewa hadi tarehe 1 Januari 1892 kuchagua uraia wa Uingereza. Kuhusu wavuvi na wakulima wa Mafia, kifungu hicho hakina neno.

Wachezaji wa bao wanajua kwamba kete haina rangi ya mwenyewe. Ikishaliwa, hutiwa katika mashimo ya aliyeila na kuendelea kucheza upande wake. Ndivyo ilivyokuwa. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia kutoka kwa Wajerumani, wakaifanya kituo cha ndege na manowari zilizoiangamiza meli ya Königsberg katika delta ya Rufiji, Julai mwaka huo. Kisiwa kilichotolewa kwa kalamu kilirudishwa kwa bunduki, na kwa mara nyingine wakazi wake hawakuwa na kauli.

Siku hizi tunausikia msemo huu katika mazungumzo ya uwekezaji: ufukwe huu, shamba lile, "ndiyo kete yetu". Huenda ni kweli. Lakini kila kete ina mkono unaoishika, na ni wajibu wetu kuuliza mkono huo ni wa nani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi katika maamuzi ya ardhi yake. Mtumishi wa umma anayeugeuza mkutano huo kuwa orodha ya saini tu anawarudisha wanakijiji kwenye meza ya 1890, ambapo jina la kisiwa lilitajwa na watu wake hawakutajwa.