Zawadi Yenye Jina

Zawadi nyingi hunyamaza. Mbuzi akitolewa, jembe likitolewa, au mtungi wa pombe ya ndizi ukipelekwa penye shughuli, mpokeaji hujua thamani yake kwa macho na kwa mkono, na yaliyomo moyoni mwa mtoaji hubaki ya kukisiwa. Lakini ipo zawadi moja katika Afrika ya Mashariki ambayo husema. Husema siku inapotolewa, husema inapovaliwa gulioni, husema hata inapoanikwa kambani, na haiachi kusema mpaka maandishi yake yafifie. Zawadi hiyo ni kanga. Katika kurasa hizi chache nataka kueleza jinsi maneno yalivyoingia katika zawadi zetu, na kwa nini naamini kwamba kuyachagua ni kazi nzito kuliko wengi wetu, hasa sisi wanaume, tunavyodhani.

Maneno yalitangulia kitambaa. Mwaka 1858, katika visiwa vya kaskazini ya pwani ya Kenya, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alikuwa mgonjwa na hakuwa na hakika ya kupona. Alikuwa na binti, Mwana Hashima. Mama huyo alimtungia mwanawe utendi wa mawaidha kuhusu dini, adabu na maisha ya ndoa. Wapo leo wanaopinga baadhi ya mafundisho yake juu ya mke na mume, na wana haki ya kuyajadili. Mimi hapa nataka tuangalie jambo moja tu: mama huyo aliyafananisha maneno yake na pambo la kuvaliwa shingoni. Alikufa yapata mwaka 1860, na zawadi yake ingali inasomwa. Wazo kwamba maneno ya hekima yanaweza kuvaliwa mwilini lilikuwapo pwani, basi, kabla ya kanga yenyewe kuzaliwa.

Kanga ilizaliwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Husimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso vilivyokuwa vikiuzwa kwa jora, wakakata sita sita na kuvishona pamoja vipate kuwa nguo moja pana; ndiyo sababu mpaka leo watu wa Mombasa huiita kanga leso. Jina la kanga lenyewe husemwa kuwa limetokana na ndege kanga, kwa ajili ya madoadoa ya vitambaa vya mwanzo. Wafanyabiashara walipoona mtindo umependwa, waliagiza nguo iliyochapwa nzima kutoka Ulaya na India, na baadaye Japani. Umbo lake likatulia: pindo kuzunguka pande zote nne, mji katikati, na doti moja ni kanga mbili.

Ili kufahamu uzito wa nguo hiyo hapana budi kukumbuka mwaka 1897, utumwa ulipopigwa marufuku Unguja. Mwanamke mtumwa alikuwa akivaa kaniki au merikani, yaani nguo nyeusi au nyeupe isiyo na pambo. Waliopata uhuru waliiacha nguo hiyo na kujifunga kanga zenye rangi na maua. Aliyepewa kanga siku zile alipewa pia alama kwamba yeye ni mtu kama watu wengine.

Jina, yaani yale maandishi ya juu ya pindo la chini, lilikuja baadaye kidogo. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla na ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, ndiye anayetajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kutia misemo katika kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Kanga zake zilitambulikana kwa alama ya K.H.E. na maneno ya kuonyesha kwamba ni mali ya Abdulla. Hapo kwanza majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha herufi za Kilatini zikashika nafasi. Mwenye duka alichapisha, lakini aliyekuwa akichagua ni mwanamke. Kanga isiyokuwa na jina la kupendeza ilidoda dukani hata kama rangi zake zilikuwa nzuri, na jina lililosema jambo ambalo wengi walikuwa nalo moyoni liliuzwa likaisha.

Majina hayo yalichotwa wapi? Mengi ni methali. Mengine ni dua, pongezi, au vijembe. Mengine ni vipande vya hadithi ambazo kila mtu amezisikia utotoni, na kwa hiyo maneno mawili matatu yanatosha kuiamsha hadithi nzima. Chukua kisa cha sungura aliyeruka mara nyingi kuzifikia ndizi, akashindwa, akaondoka akidai kuwa ni mbichi. Mwanamke akipita mbele ya jirani amejifunga kanga yenye usemi wa sungura yule, hana haja ya kufungua kinywa. Jirani atajua nani ni sungura na ndizi ni nini. Tena hana pa kushtaki, kwa sababu aliyesema ni kanga.

Huku kwetu bara mambo yalichelewa. Nyamahanga na vijiji vingine vya Ngara na Biharamulo viko mbali na pwani, na kina mama wengi walivaa kaniki, na baadaye vitenge. Kitenge ni nguo nzuri na imara, lakini aghalabu hakisemi kitu. Kanga zilizidi kupatikana baada ya viwanda vya Urafiki, Dar es Salaam, na Mwatex, Mwanza, kuanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo kanga ilikuwa nusu bubu kwetu, maana wengi waliojifunga hawakuweza kusoma jina lake. Walichagua kwa rangi.

Lililobadilisha hali hiyo ni elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu hiyo, na mikoa ya ziwa, pamoja na wetu ulioitwa Ziwa Magharibi mpaka 1979, ilikuwa tayari katika mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO tangu 1968. Mwanzoni mwa kampeni, watu wazima wapatao theluthi mbili nchini hawakujua kusoma. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kwamba wamepungua hadi kama asilimia 39. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nikifundisha watoto asubuhi na mama zao alasiri. Vitabu vya kisomo vilihusu kilimo, mifugo na malezi, navyo vilifanya kazi yake. Lakini kina mama walipata kitabu cha pili ambacho wizara haikukipanga: walisomana viunoni. Nilikuwa nikigeuka kutoka ubaoni nakuta mmoja ameinama nyuma ya mwenzake, anafuata kwa kidole herufi za kanga, na darasa zima linasubiri afike mwisho wa neno. Akifika, kicheko kinalipuka. Mara nyingine mwenye kanga ndiye pekee asiyecheka, kwa sababu siku hiyo ndipo alipojua nguo aliyopewa na wifi yake imekuwa ikisema nini mwaka mzima.

Kisha ukaja wakati wa uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na katika miaka ya mwanzo ya 1980, nguo iligawiwa kwa foleni na kwa orodha. Mtu alichukua kanga iliyofika. Nakumbuka bibi arusi wa miaka hiyo akipelekwa kwa mume na doti yenye maneno ya kumsimanga mke mwenza, kwa kuwa ndiyo doti pekee iliyopatikana. Wazee walisema nguo ni nguo. Lakini shangazi wa binti alisimama mbele ya watu akaeleza kwamba maneno yale si yao, ni ya kiwanda, kisha akayataja kwa mdomo maneno ambayo wangeyachagua wenyewe lau wangekuwa na uwezo. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba hiari ya kuchagua neno ni sehemu ya zawadi yenyewe. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, watu walifurahia sabuni na sukari. Naamini kina mama walifurahia pia kurudishiwa hiari hiyo.

Katika kazi yangu ya ualimu mkuu nilikuwa na zawadi nyingine ya maneno, nayo ni kitabu. Wanafunzi waliofanya vizuri tuliwapa vitabu siku ya wazazi fedha ziliporuhusu: Hekaya za Abunuwasi, Mashimo ya Mfalme Sulemani aliyotafsiri Frederick Johnson mwaka 1929, Kusadikika ya Shaaban Robert iliyotoka 1951, na tafsiri ambazo Mwalimu Nyerere alizifanya za tamthilia mbili za Shakespeare, ya kwanza ikitoka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969. Katika ukurasa wa kwanza niliandika methali moja kwa kila mtoto, tofauti na ya mwenzake. Kazi hiyo ilinichukua usiku mzima. Mvivu mwenye akili huwezi kumwandikia sawa na mwenye bidii aliyelemewa na kazi za nyumbani. Hata hivyo kitabu ni zawadi yenye aibu: hufungwa, huwekwa rafuni, na maneno yaliyoandikwa ndani huyajua mwenyewe. Kanga haifungwi. Anayempa mtu kanga anamtia maneno kinywani mbele ya watu.

Jambo hilo sikulifahamu vizuri mpaka 1994. Tarehe 28 Aprili mwaka huo Wanyarwanda wakikimbia mauaji na vita walianza kuvuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na katika muda wa siku moja hivi walikadiriwa kufikia watu 250,000. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa uliochipuka porini. Mashirika yalikuwa njiani, lakini baridi ya usiku haingoji mashirika, na wanawake wa kijijini kwetu walikusanya nguo walizoweza kuzitoa. Niliitwa kuandika orodha. Mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa amejifunza kusoma katika darasa la kisomo, aliketi mkekani akizikunjua kanga moja moja na kusoma jina la kila moja kwa sauti. Iliyosema Mgeni njoo, mwenyeji apone, aliiweka upande wa kutolewa. Iliyosema Wivu hauna dawa, aliirudisha. Akafikia moja ambayo ilikuwa karibu mpya, kubwa, nzito, inayofaa hasa kwa kubebea mtoto, nayo iliandikwa Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Binti mmoja alimwambia, “Bibi, hao si hawajui Kiswahili? Tutaongea nao Kihangaza na watatusikia, lakini kusoma hiyo hawawezi.”

Mzee akajibu, “Watajifunza, mjukuu wangu. Na kanga itakuwa bado haijachakaa.”

Hakuitupa, kwa sababu kulikuwa na mama mahali fulani aliyeihitaji. Aliomba mkasi, akaukata ukanda wote wa chini wenye jina pamoja na pindo lake, akaupinda ukingo kwa sindano, na nguo ile ikaenda Benaco bila kusema neno. Wengi wa wageni wale walikaa huku mpaka Desemba 1996, serikali ilipowataka warudi kwao, na kwa muda huo walikuwa wamejifunza Kiswahili cha kutosha kununua, kuuza na kusoma. Yule bibi alikuwa amehesabu sawasawa.

Sijapata kuona somo la historia lililo wazi kuliko lile. Methali ile ni ya kweli, na siku za amani inafaa sana. Hata Mwalimu Nyerere aliipenda alipotaka watu wafanye kazi. Lakini neno zuri likipelekwa kwa mtu asiyestahili kuambiwa huwa jiwe.

Siku hizi hakuna uhaba. Kanga za India zimejaa madukani, na mwaka 2008 hata Barack Obama alipochaguliwa Marekani alipongezwa kwa kanga. Misemo huandikwa pia katika vikombe, fulana na saa za ukutani, na vijana huwapa wazazi wao siku za kipaimara, harusi na mahafali. Sioni ubaya. Ninaloliona ni haraka. Mtu hununua doti kumi za sare, zikiwa zimefungwa kwenye nailoni, akatazama rangi tu, na nyumbani hugundua kwamba amemletea mama mkwe maneno ya ugomvi.

Wahenga walisema kutoa ni moyo. Ningependa kuongeza kwamba moyo huo uwe na subira ya dakika tano. Ukiingia dukani, mwambie muuzaji akukunjulie kanga yote, usome jina mpaka herufi ya mwisho. Kisha jiulize nani atakayeivaa, apite wapi, mbele ya nani, na kama maneno hayo angeyasema yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Ukiwa mwanamume, nenda na dada yako au mkeo, kwa maana wao wamesomana viunoni kwa miaka mingi kuliko wewe. Na kama duka zima halina jina linalofaa, nunua kitenge, kisha yale unayotaka kumwambia mpokeaji umwambie mwenyewe.