Seva ikikosa kujibu, kilo za majanichai ziko wapi?

MKULIMA wa Mogogosiek, eneobunge la Konoin katika Kaunti ya Bomet, hufikisha majani yake mabichi kwenye kituo cha ununuzi, majani mawili na chipukizi kama ilivyo desturi. Karani huyapima, huondoa uzani wa gunia, kisha humpa risiti. Kuanzia hapo njia hugawanyika. Lori hubeba majani kuelekea kiwandani, ambako ni lazima yashughulikiwe kabla hayajaharibika. Tarakimu za kilo nazo husafiri kwa njia ya mtandao hadi kwenye hazina ya data. Mwisho wa mwezi, na hata wakati wa bonasi, mkulima hulipwa kwa tarakimu hizo wala si kwa majani, kwani wakati huo majani yamekwisha kusindikwa na pengine kuuzwa katika mnada wa Mombasa.

Wakulima wadogo wa sehemu hizi hushughulikiwa na KTDA, shirika lililoundwa mwaka wa 1964 likiwa mamlaka ya serikali, na ambalo liligeuzwa kuwa kampuni mwaka wa 2000. Zamani mizani ilikuwa ya kuning'inia yenye mshale, na karani aliandika daftarini. Mizani ya kielektroniki ilipokuja, hesabu iliyokuwa ikibishaniwa mbele ya mshale ikahamia ndani ya tarakilishi, mahali ambapo mkulima hawezi kuchungulia. Ndiyo maana hitilafu ya mawasiliano kati ya tarakilishi mbili si jambo la mafundi peke yao.

Makala haya yanaangazia mbinu moja ya mawasiliano hayo, ile ya objekti za mbali kwenye seva ya programu, na jinsi ya kuitafutia hitilafu. Kiwanda kinachotolewa mfano hapa ni cha kubuni. Hakuna kiwanda halisi kinachodaiwa kuwa na mpangilio huu.

Objekti ni furushi la data pamoja na kazi zinazoweza kufanywa kwa data hiyo. Akaunti ya mkulima yaweza kuwa objekti, na "ongeza kilo" ikawa mojawapo ya kazi zake. Objekti ya mbali huishi kwenye seva, tuseme jijini Nairobi, lakini programu iliyo kiwandani huiagiza kana kwamba iko papo hapo. Dhana hiyo ina umri mkubwa. Mwaka wa 1984, Andrew Birrell na Bruce Nelson wa kampuni ya Xerox nchini Marekani walichapisha maelezo ya jinsi programu inavyoweza kuita kazi iliyo katika tarakilishi nyingine. Kanuni za CORBA zilifuata mwaka wa 1991, RMI ya lugha ya Java ikaja mwaka wa 1997, na mnamo Desemba 1999 kampuni ya Sun Microsystems ikatoa J2EE, iliyoiingiza mbinu hiyo katika seva za benki na mashirika makubwa. Java 11, iliyotolewa Septemba 2018, iliiondoa CORBA, lakini mifumo iliyojengwa kabla ya hapo haikuzimwa siku hiyo.

Wakala na anwani yake

Programu ya kiwandani haiigusi objekti yenyewe. Hupewa wakala, kijiprogramu kidogo kinachojifanya objekti na kupeleka kila agizo kwenye seva. Ili kumpata wakala huyo, programu huuliza kwanza rejista ya majina, ambayo katika RMI husikiliza kwenye poti, yaani mlango wenye nambari, ya 1099. Rejista humtoa wakala, na kazi yake huishia hapo. Baada ya hapo wakala hutumia anwani na poti zilizoandikwa ndani yake mwenyewe.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Rejista inajibu, jina la objekti linapatikana, kila mtu anashangilia; kisha agizo la kwanza kabisa linakataliwa. Ukisoma ujumbe wa hitilafu kwa makini utaona kwamba programu ilijaribu kwenda 127.0.0.1, anwani ambayo kila tarakilishi huitumia kujiita yenyewe. Seva ilipoulizwa jina lake ilijibu, kwa namna ya kusema, "mimi ni mimi", na wakala akalibeba jibu hilo hadi kiwandani, ambako "mimi" ni tarakilishi ya kiwanda. Mara nyingine anwani ni ya mtandao wa ndani, inayoanza kwa 10 au 192.168, isiyofikika kutoka nje. Tiba ni kuitajia seva anwani inayofikika, kupitia mpangilio uitwao java.rmi.server.hostname, na kurekebisha faili ya majina ya tarakilishi hiyo. Katika CORBA kasoro ni ileile, kwa kuwa rejeleo la objekti nalo hubeba anwani na poti ndani yake.

Jamaa wa kasoro hiyo ni poti. Msimamizi wa mtandao huombwa kufungua 1099 kwenye faiwoli, kizuizi kinachokagua mawasiliano yanayoingia na kutoka, naye akafungua. Lakini objekti yenyewe, isipopangiwa poti maalum, hupewa yoyote iliyo wazi, na hubadilika seva inapowashwa upya. Mfumo wafanya kazi ukijaribiwa ndani ya jengo moja na kugoma ukipelekwa mashinani. Objekti yapaswa kupangiwa poti isiyobadilika, na poti hiyo ifunguliwe pamoja na 1099.

Kuna wanaochoka na utafutaji huu na kufungua poti zote kwa dunia nzima. Hilo ni kosa kubwa. Mwaka wa 2015 ilidhihirika kwamba seva nyingi maarufu za Java zingeweza kutekwa kwa kutumiwa objekti iliyotengenezwa kwa hila, kwa sababu seva huifungua objekti hiyo kabla ya kuuliza ni ya nani. Mawasiliano ya kiwanda na seva yapitishwe katika njia ya faragha iliyosimbwa.

Kimya si jibu

Hitilafu za anwani na poti zina wema mmoja: hujitangaza mapema na hazigusi kilo za mtu. Ngumu zaidi ni zile zinazotokea katikati ya agizo.

Mwaka wa 1994 kundi la wahandisi wa Sun, akiwemo Jim Waldo na Ann Wollrath ambaye baadaye aliongoza kazi ya RMI, lilionya kwamba objekti ya mbali haiwezi kamwe kuchukuliwa kuwa sawa na ya karibu. Kazi ya karibu hufanyika au haifanyiki. Kazi ya mbali ina hali ya tatu: aliyeagiza hajui. Pengine agizo lilipotea njiani. Pengine lilifika, kilo zikaongezwa, na jibu ndilo lililopotea. Kwa aliye kiwandani hali hizo mbili hufanana kabisa.

Tuseme ni alasiri, mvua ya mawe inayojulikana sana katika milima hii inapiga, umeme unakatika na mtandao unazimika. Karani wa kiwanda alikuwa ametuma kilo 38 za mkulima mmoja. Programu inasema imeshindwa. Akituma tena na ile ya kwanza ilikuwa imeingia, mkulima anahesabiwa kilo 76 na kiwanda kinalipia majani yasiyokuwepo. Asipotuma tena na ile ya kwanza ilikuwa imepotea, mkulima amefanyia kazi bure. Kubonyeza kitufe tena, jambo ambalo kila mtu hulifanya bila kufikiri, ni uamuzi kuhusu fedha za mtu.

Kwa hivyo jina la hitilafu lina maana, na fundi hapaswi kulipita haraka ili aufikie mstari wa mwisho. UnknownHostException yamaanisha jina la seva halikutambuliwa, agizo halikutoka. ConnectException yenye maelezo kwamba muunganisho umekataliwa yamaanisha tarakilishi fulani ilifikiwa lakini hakuna aliyesikiliza kwenye poti hiyo, agizo halikutekelezwa. NoSuchObjectException yasema objekti haipo tena kwenye seva, agizo halikutekelezwa. Katika hali hizo tatu kutuma tena hakuna madhara. MarshalException, inayohusu kufungasha agizo, huacha shaka: huenda lilifika, huenda halikufika. UnmarshalException yahitaji tahadhari kuliko zote, kwa maana mara nyingi hutokea wakati wa kufungua jibu, na jibu likiwepo kazi yaelekea imekwisha kufanyika. Hitilafu hiyo hujitokeza hasa baada ya programu kuboreshwa upande mmoja na kuachwa upande wa pili, hata toleo la objekti la Nairobi likawa halifanani na la kiwandani.

Kuna pia hali ambayo hakuna hitilafu yoyote, skrini imeganda tu. Katika RMI, muda wa kusubiri jibu hauna kikomo usipowekwa. Mtandao ukikatika bila kuaga, programu yaweza kungoja hadi kesho. Upande wa seva hali yaweza kuwa hivyo hivyo: nyuzi zake, wafanyakazi wa ndani wanaohudumia maagizo, hushikiliwa mmoja baada ya mwingine na hazina ya data iliyolemewa, hadi asibaki hata mmoja wa kupokea agizo jipya. Kifaa kiitwacho jstack huonyesha kila uzi ulipo na unangoja nini. Kikiendeshwa mara tatu kwa nafasi ya sekunde kumi hivi, nyuzi zilizokwama hujulikana, kwa kuwa hubaki palepale. Mpangilio wa sun.rmi.transport.tcp.responseTimeout huweka kikomo cha kungoja. Ieleweke tu kwamba kikomo huvunja ungojaji, hakiondoi shaka ya kilo.

Kukatika kwa mtandao kuna athari nyingine iliyojificha. Seva ya RMI humhesabu kila anayeshikilia wakala, naye hutakiwa kuhuisha madai yake mara kwa mara. Muda wa kawaida ni dakika kumi. Mtandao ukilala kwa muda mrefu kuliko huo, seva huamua kwamba mwenye wakala amekufa. Objekti iliyotolewa kwa ajili yake peke yake, na isiyoshikiliwa na rejista wala programu ya seva, huweza kufutwa. Mtandao unaporudi, wakala wa zamani hana anayemwakilisha. Programu nzuri humtupa na kuomba mwingine. Programu mbaya humng'ang'ania hadi mtu aizime na kuiwasha upya.

Umbali nao una gharama yake. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kazi mwaka wa 2009, mawasiliano ya kimataifa ya Kenya yalitegemea setilaiti, na vituo vingi vya mashambani vilitumia njia hiyo hiyo. Setilaiti hizo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo agizo na jibu lake huchukua nusu sekunde au zaidi. Programu inayouliza jina la mkulima, kisha nambari yake, kisha kituo chake, kila moja kwa agizo lake, ikifikisha maagizo arubaini kwa kila risiti, humaliza sekunde ishirini kwa mkulima mmoja. Seva haina ugonjwa wowote. Ni mpangaji wa programu aliyesahau umbali. Dawa yake ni agizo moja linalobeba risiti nyingi kwa pamoja.

Nambari ya risiti

Dawa ya kilo maradufu haimo katika mtandao hata kidogo. Kila upimaji hupewa nambari ya pekee pale pale kwenye mizani, kabla ya data kusafiri, na nambari hiyo hiyo huchapishwa kwenye risiti. Seva hupangwa kukataa kuandika nambari moja mara mbili: ikiletewa tena, hujibu tu kwamba tayari inayo. Hapo karani yuko huru kutuma mara kumi mtandao ukisumbua. Nambari isitolewe na seva, wala isiundwe upya kila kitufe kinapobonyezwa, maana hapo marudio yataonekana kuwa upimaji mpya. Ajabu ni kwamba mifumo mingi ya gharama kubwa hukosa jambo hili dogo.

Fundi anayeitwa hitilafu ikiwa imekwisha kutokea huanza na saa. Saa ya seva na ya tarakilishi ya kiwandani zisipolingana, faili za logi za pande mbili haziwezi kusomwa pamoja. Kisha hutafuta nambari ya risiti katika logi ya kiwanda, katika logi ya seva, na katika hazina ya data. Ikiwa kiwandani pekee, agizo huenda halikufika. Ikiwa katika logi ya seva bila kuwa kwenye hazina, kazi ilianza na kubatilishwa. Ikiwa kotekote, jibu ndilo lililopotea na mkulima hana deni wala dai.

Jumla za siku nazo hulinganishwa: risiti za kituo, uzani wa lori kiwandani, na kilo zilizo kwenye hazina ya data. Majani hupoteza maji kidogo safarini, kwa hivyo lori halitalingana na risiti hadi gramu ya mwisho. Risiti na hazina, hata hivyo, zapaswa kulingana kabisa, na pengo lolote kati yazo litafutwe kabla ya malipo ya mwezi kufungwa, mkulima akiwa bado ana kile kikaratasi mkononi.