Safu ya Lugha: Banifu

Muuzaji wa majiko pale Kirumba, Mwanza, akikuambia jiko lake ni "banifu", usidhani neno hilo limetoka semina. Limetokana na bana, kitenzi kilekile cha kubana matumizi, na -ifu ya mwangalifu na mharibifu. Na kubanika samaki ni ukoo huohuo: hubanwa kwenye kijiti juu ya moto.

Jiko hili linabana nini? Joto. Chungulia ndani: nje ni bati, ndani bakuli la udongo uliochomwa, na penye mwanya pamesiribwa. Jiko la bati tupu hupoteza joto ubavuni. Liweke barazani upepo wa ziwa ukivuma, uone mkaa unavyoisha maharage bado magumu.

Tatizo liko kwenye wingi. Kamusi inataka meko, soko linasema majiko, nami sina ugomvi na soko. Lakini "majiko banifu", hata kwenye matangazo ya serikali? Tunasema watu waangalifu, wanyama waharibifu, majiko makubwa. Basi na tuandike majiko mabanifu.