Panya wa Mto Kisanga na Askari Wanaoasi

Sisi tukaao Naviundu twaijua mito ya mji wetu wa Lubumbashi kwa majina yake. Twaivuka tukienda sokoni au misani, wala hatusimami kuitazama. Lakini mmojawapo, mto Kisanga, wajulikana na wataalamu wa mbali sana, na sababu yake ni panya wa msituni. Leo nataka kuwaeleza habari zake, kwa kuwa zatufunza jambo kubwa juu ya miili yetu, na tena zatupasa kuwaonea huruma watu fulani ambao pengine tumewasingizia bure.

Katika miaka ya 1940, mji wetu ulipoitwa bado Elisabethville, daktari Mbelgiji Ignace Vincke alikuwa akichunguza mbu wa Katanga. Katika misitu myembamba iotayo kandokando ya mito aliona mbu aitwaye Anopheles dureni. Ndani yake mlikuwa na vijidudu vya malaria, lakini damu aliyoinywa mbu huyo ilikuwa ya wanyama wadogo, si ya watu. Basi, ni mnyama gani huyo aliyekuwa na malaria pasipo watu kujua?

Jibu lilipatikana mwaka 1948. Vincke na mwenzake Marcel Lips walikiona kijidudu hicho katika damu ya panya wa msituni wa Kisanga. Wakakiita Plasmodium berghei, kwa heshima ya profesa Louis van den Berghe. Profesa alipata heshima yake, mto haukutajwa. Lakini katika miaka ya 1960 kijidudu cha jamii hiyo kilichukuliwa Kasapa, papa hapa mjini kwetu, nacho kikaitwa ANKA, yaani Antwerpen na Kasapa. Hata leo wataalamu wa nchi nyingi hulitaja jina hilo, na pengine wengi wao hawajui Kasapa iko wapi.

Kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa? Kwa sababu malaria ya watu haishiki panya wa kufugwa. Kijidudu cha Katanga kiliwashika. Tangu hapo wataalamu waliweza kujaribu dawa na kuona jinsi mwili unavyopigana na malaria, bila kumtia mtu hatarini.

Sasa tuache Kisanga kidogo, tutazame vita vya ndani ya mwili. Mwenyezi Mungu ametupa askari katika damu. Baadhi yao huitwa chembe B. Kazi yao ni kutengeneza kingamwili, ndiyo silaha inayomshika adui. Herufi hiyo B yatoka kwa kuku! Mwishoni mwa utumbo wa kuku mna kifuko kidogo, kilichoandikwa zamani na Fabricius, mwalimu wa Padua katika Italia. Kwa Kilatini kifuko ni bursa. Mwaka 1956 Bruce Glick wa Marekani alionyesha kwamba kifaranga aliyetolewa kifuko hicho hawezi kutengeneza kingamwili sawasawa. Sisi watu hatuna kifuko hicho. Chembe zetu B huzaliwa katika uboho wa mifupa.

Lakini wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Pengine askari hao huasi. Badala ya kumpiga adui, huwapiga wenye nyumba. Wakivishambulia viungo, mtu hupata ugonjwa wa baridi yabisi, vidole vikavimba na kupindika. Wakishambulia ngozi, figo na damu, huwa ni ugonjwa wa lupus, neno la Kilatini maana yake mbwa mwitu, kwa kuwa madoa yake usoni yalifananishwa na alama za kuumwa na mnyama huyo.

Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan katika Nigeria, aliandika kwamba magonjwa haya ya maasi yalionekana mara chache sana kati ya wagonjwa wa hospitali ya huko. Akajiuliza: je, malaria na minyoo, vinavyowashughulisha askari wa mwili tangu utoto, ndivyo vinavyowazuia wasiasi?

Ili kupata jibu, yeye na wenzake walitumia malaria ya panya, ya jamaa ya kijidudu kile cha Katanga. Walichukua panya wa kufugwa wa ukoo wa New Zealand, ambao kwa kuzaliwa kwao huugua ugonjwa wa mwili kujishambulia, mfano wa lupus. Mwaka 1970 walitangaza matokeo: panya waliotiwa malaria hawakuugua sana kama wenzao. Basi, lile lililoanzia katika misitu ya Katanga lilisaidia kuuliza swali juu ya afya ya watu wa dunia nzima.

Je, tuseme malaria ni baraka? Tuvitupe vyandalua? Hata kidogo! Malaria yaua watoto wetu, na hakuna mzazi mwenye akili atakayewatolea watoto wake adui huyo kwa kuogopa ugonjwa mwingine. Panya si mtu, na jaribio si dawa.

Tena, habari ina upande wa pili. Chembe B zina breki, kama gari linaloteremka mlima. Kwa watu wengine breki hiyo ni dhaifu tangu kuzaliwa. Mwaka 2010 wataalamu waliochunguza watoto wa Kenya walitangaza kwamba wenye breki dhaifu kutoka kwa baba na kwa mama pia hawakushikwa sana na malaria kali. Lakini udhaifu huohuo huzidisha hatari ya lupus. Mnaona? Yamkini, kwa miaka elfu nyingi, malaria iliwaua zaidi wenye breki imara, wakabaki wengi wenye askari wakali. Ukali uliowaokoa mababu waweza kumuumiza mjukuu. Labda hii ni sababu mojawapo, ingawa si ya pekee, ya lupus kuwapata zaidi watu wa asili ya Afrika wakaao Marekani kuliko Wazungu wa huko.

Dawa nazo zimesonga mbele. Mwaka 1997 Marekani iliruhusu dawa iitwayo rituksimabu, inayoangamiza chembe B, kwa ajili ya kansa ya chembe hizo. Mwaka 2004 madaktari wakaonyesha kwamba yawasaidia pia wenye baridi yabisi, na mwaka 2006 ikaruhusiwa kwa ugonjwa huo. Ni dawa ya bei kubwa. Lakini ziko nyingine za zamani na za bei ndogo, na ajabu ni hii: mojawapo inayotumika sana kwa lupus, hidroksiklorokwini, ni ya ukoo wa dawa za malaria.

Wasomaji wapenzi, kwa nini nimewaeleza haya yote? Kwa sababu ugonjwa ulioonekana haba hospitalini si lazima uwe haba nyumbani. Lupus huwashika hasa wanawake vijana. Mama huumwa viungo, nywele zamtoka, ana homa isiyosikia dawa ya malaria, mashavu yana madoa, miguu yavimba kwa sababu ya figo. Jirani wananong'ona: amerogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi. Mumewe amrudisha kwao. Kumbe hakuna aliyemroga. Askari wake mwenyewe wamepotea njia. Wala ugonjwa huu hauambukizi. Yatupasa kumpeleka mapema kwa daktari, damu yake na mkojo wake vipimwe, kabla figo hazijaharibika.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Parokia nayo ni mwili. Tukimshambulia mgonjwa kwa maneno, tumekuwa kama chembe zile zilizoasi: twampiga wa nyumbani tukidhani ni adui. Basi, utakapovuka mto Kisanga, ukumbuke yule panya wa msituni. Kisha upitie kwa jirani yako mgonjwa, umjulie hali.