Nani Abebe Hasara? Uthibitisho wa Malipo ya Mbali katika Pwani ya Tanga, kutoka Hundi hadi Kadi

Udanganyifu wa kadi za benki katika ununuzi wa mtandaoni hujadiliwa zaidi kama tatizo la teknolojia. Historia ya pwani ya kaskazini mwa Tanzania inadhihirisha kuwa kiini chake ni kikongwe zaidi: mlipaji na mlipwaji hawaonani, na hati ikiwa ya bandia, sharti mmoja abebe hasara.

Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Kihindi wa Pangani na Tanga, waliokopesha misafara ya pembe za ndovu, walifungamana na matajiri wa Unguja na Bombay. Katika mtandao huo wa biashara, malipo ya mbali yalifanywa kwa hundi. Aina mojawapo, shahjogi, ililipwa kupitia mfanyabiashara mwenye heshima tu. Ikibainika kuwa imeghushiwa au kuibwa, yeye ndiye aliyewajibika kurejesha fedha. Hivyo hasara ilimwangukia mwenye uwezo wa kuchunguza, na jina jema likawa dhamana.

Kadi imerithi swali hilohilo. Namba yake, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu 3 za nyuma zaweza kuibwa kwa pamoja. Ndiyo maana mfumo wa 3-D Secure, ulioasisiwa na Visa mwanzoni mwa miaka ya 2000, humtaka mnunuzi ajithibitishe kwa benki yake, aghalabu kwa namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwenye simu. Muuzaji akiutumia, kwa kawaida hasara ya kadi iliyoibwa huhamia kwa benki iliyoitoa.

Hata hivyo, kinga hiyo imeegemezwa kwenye laini ya simu. Nchini Tanzania, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2008, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 iliharamisha ulaghai wa kompyuta, na usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019. Hatua hizo humtambulisha mwenye laini. Usajili wenyewe hauamui nani atamfidia aliyelaghaiwa. Anayehadaiwa akataja namba yake ya siri huweza kuhesabiwa kuwa ameidhinisha malipo.

Kwa hiyo mzigo wa uchunguzi, uliobebwa zamani na tajiri aliyejulikana mjini, unaelekea kumwangukia mteja asiye na nyenzo za kuchunguza. Kinga madhubuti haina budi kuurejesha kwa wenye nyenzo hizo.