Elimu ya nyumbani (Uingereza)

Elimu ya nyumbani ni utaratibu ambao mzazi au mlezi anabeba mwenyewe jukumu la kumsomesha mtoto wa umri wa shule, badala ya kumwandikisha shuleni. Ni tofauti na tuisheni ya jioni, na ni tofauti pia na hali ya mtoto mgonjwa anayeletewa kazi na mwalimu wake. Hapa shule haihusiki kabisa: mzazi ndiye anayepanga somo, anayenunua kitabu na anayewajibika mbele ya sheria. Makala hii inaeleza utaratibu huo nchini Uingereza, ambako Wizara ya Elimu ilikadiria watoto 111,700 waliokuwa wakisomeshwa nyumbani katika majira ya vuli ya 2024. Afya ya akili ya mtoto ni miongoni mwa sababu zinazotajwa sana na wazazi, pamoja na imani, falsafa ya malezi na kutoridhika na shule.

Sheria ya Uingereza inamruhusu mzazi, lakini haimpi fedha wala mwalimu. Kwa hiyo anayeanza anahitaji mambo mawili mapema: barua iliyoandikwa vizuri ya kumwondoa mtoto shuleni, na watu wa karibu wa kushirikiana nao.

Msingi wa kisheria

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu yenye tija, ya muda wote, inayolingana na umri wake, uwezo wake, vipaji vyake na mahitaji yake maalumu, kwa kuhudhuria shule au kwa njia nyingine. Maneno hayo ya mwisho, "au kwa njia nyingine", ndiyo yanayobeba elimu ya nyumbani yote. Yalikuwamo tayari katika Sheria ya Elimu ya 1944. Elimu ndiyo ya lazima. Shule ni njia mojawapo ya kuipata.

Umri wa elimu ya lazima huanza muhula unaofuata baada ya mtoto kutimiza miaka 5, na huisha Ijumaa ya mwisho ya Juni katika mwaka wa masomo anaotimiza miaka 16. Baada ya hapo kijana anatakiwa kuendelea na masomo au mafunzo hadi miaka 18.

Sheria haimtaki mzazi awe na cheti cha ualimu, wala haimlazimishi kufuata mtaala wa taifa, ratiba au saa za shule. Utaratibu wa Uskoti ni tofauti: mtoto aliyekwisha kuhudhuria shule ya serikali haondolewi mpaka halmashauri itoe idhini.

Historia

Haki hii ilikuwa katika maandishi kabla haijawa haki ya vitendo. Katika miaka ya 1950, Joy Baker, mama wa watoto saba katika jimbo la Norfolk, alikataa kuwapeleka wanawe shuleni na akapambana na mamlaka za elimu mahakamani kwa takriban miaka kumi kabla ya kushinda. Alisimulia mapambano hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1964. Alipigana karibu peke yake, kwa kuwa hakukuwa na chama cha kumshika mkono. Mwaka 1977 wazazi waliunda shirika la Education Otherwise, ambalo jina lake limetokana na maneno yale ya sheria, "au kwa njia nyingine" (or otherwise). Tangu hapo mzazi mpya amekuwa na mahali pa kuuliza.

Kumwondoa mtoto shuleni

Mtoto ambaye hajawahi kuandikishwa shule hana cha kufutiwa. Aliyeandikishwa katika shule ya kawaida huondolewa kwa barua ya mzazi kwa mwalimu mkuu, na barua hiyo si ombi la ruhusa. Inatosha iwe na mistari michache: jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, tamko kwamba kuanzia tarehe fulani atasomeshwa nyumbani kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996, agizo kwamba jina lake lifutwe katika daftari la shule, na ombi la uthibitisho kwa maandishi. Mzazi hubaki na nakala pamoja na ushahidi kwamba barua ilifika. Shule nayo huijulisha halmashauri.

Yako mambo ya kuangalia. Mtoto aliyepangiwa shule maalumu na halmashauri haondolewi bila idhini ya halmashauri hiyo. Mtoto asikatishwe masomo kabla barua haijafika, kwa sababu siku hizo huhesabiwa kuwa utoro. Tena, uamuzi uwe wa mzazi mwenyewe. Shule inayomshawishi mzazi amtoe mtoto kwa sababu ya utovu wa nidhamu au alama mbaya inafanya kosa, na mzazi hapaswi kutia saini kwa shinikizo. Nafasi ikishaachwa, hakuna ahadi kwamba itapatikana tena.

Halmashauri

Baada ya barua, halmashauri kwa kawaida humwandikia mzazi ikiuliza elimu inatolewaje. Kujibu ni busara, hata kama mzazi hataki kutembelewa nyumbani. Maelezo ya kurasa mbili au tatu yanayotaja masomo, vitabu, sampuli za kazi na shughuli za nje hutosheleza mara nyingi. Halmashauri ikiona elimu haifai, humpa mzazi notisi ya siku zisizopungua 15 ili aithibitishie vinginevyo. Ikishindikana, inaweza kutoa amri ya kumpeleka mtoto shuleni, na kuikaidi amri hiyo ni kosa la jinai.

Muswada uliofikishwa bungeni Desemba 2024 ulipendekeza daftari la lazima la watoto wasio shuleni. Kwa sababu hiyo, mzazi anayeanza asome sheria kama ilivyo siku ile anapoandika barua, asitegemee masimulizi ya walioanza zamani.

Miezi ya kwanza na upangaji wa masomo

Kosa la wengi ni kuhamishia darasa sebuleni: dawati, kengele, saa sita za masomo kila siku. Mwalimu mmoja mbele ya mtoto mmoja hahitaji saa zote hizo, kwa kuwa hakuna foleni wala mahudhurio ya kuita. Mtoto aliyetoka shuleni akiwa ameumia huhitaji kwanza majuma kadhaa ya kupumua: kusomewa hadithi, kwenda maktaba, kutembea. Kisha masomo ya msingi, yaani kusoma, kuandika na hesabu, huwekwa asubuhi, na mengine hupangwa kuyazunguka.

Jikoni pana somo la kutosha. Mtoto anayepima robo tatu ya kikombe cha unga wa chapati, akaambiwa apike nusu ya kiasi kwa sababu leo wageni hawaji, amekwisha kugawa robo tatu kwa mbili. Aandike hesabu hiyo katika daftari lenye tarehe. Daftari hilo humwonyesha mzazi mahali mtoto alipofika, na ndilo jibu lake siku halmashauri itakapouliza.

Mitihani

Serikali hailipii mitihani ya mtoto wa nyumbani. Hufanya GCSE, mitihani ya mwisho wa elimu ya lazima, akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na mzazi ndiye anayetafuta kituo cha kumpokea, anayemwandikisha miezi kadhaa kabla na anayelipa ada kwa kila somo. Familia nyingi huchagua IGCSE, toleo la kimataifa la mitihani hiyo, ambayo katika masomo mengi hupimwa kwa karatasi za mtihani peke yake, wakati baadhi ya masomo ya GCSE yana kazi za vitendo zinazosimamiwa na shule. Si lazima masomo yote yafanywe mwaka mmoja. Yanaweza kugawanywa katika miaka miwili au mitatu. Baadhi ya vyuo pia hupokea vijana wa miaka 14 hadi 16 wanaosomeshwa nyumbani, na hapo gharama hubebwa na serikali.

Kutafuta msaada wa karibu

Maktaba ya mtaa ni mlango wa kwanza: vitabu ni vya bure, na kwenye ubao wa matangazo huonekana nani anakutana wapi. Mlango wa pili ni mashirika ya kitaifa, ambayo humwelekeza mzazi kwa vikundi vya eneo lake. Vikundi hivyo hukutana katika kumbi za jamii, bustani, makumbusho na viwanja vya michezo. Wazazi huchangishana kodi ya ukumbi na malipo ya mwalimu wa sayansi, na hupeana zamu: anayejua hesabu hufundisha watoto wa wenzake, anayejua kushona naye siku yake. Kikundi pia hujua kituo gani cha mitihani kinapokea watahiniwa, habari ambayo mzazi mgeni angeisaka kwa miezi.

Mzazi mpya atembelee vikundi viwili au vitatu kabla ya kutulia. Vingine ni vya dini, vingine vinafuata mtaala, vingine vinamwachia mtoto achague. Aulize pia ni nani anayewasimamia watoto na kwa utaratibu gani wa usalama.

Familia zinazozungumza Kiswahili

Mtoto wa pwani ya Afrika Mashariki amezoea tangu zamani kusoma mahali pawili, shule na chuo cha Kurani, kwa hiyo kwa familia zetu si ajabu kwamba elimu inapatikana nje ya shule pia. Faida ya pekee ya elimu ya nyumbani ugenini ni lugha: Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya somo mchana kutwa, badala ya kuwa lugha ya simu kwa bibi Jumapili.

Haki hii, hata hivyo, haimfuati mtu arudipo nyumbani. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimisha mzazi ampeleke mtoto shuleni, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la wazazi waliotaka elimu ya nyumbani itambuliwe. Tanzania nayo iliweka ulazima wa kuandikishwa shule katika Sheria ya Elimu ya 1978. Ujerumani inakataza karibu kabisa, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haikuona katazo hilo kuwa uvunjaji wa haki.

Hoja za wasioafiki

Wasioafiki wanasema mtoto asiyeonekana na mwalimu anaweza kuteswa bila mtu kujua, anaweza kukosa marafiki, na mzazi anaweza kufundisha vibaya bila kukaguliwa. Hoja ya kwanza ni nzito, na ndiyo iliyosukuma wazo la daftari la lazima. Zote tatu zina jibu moja la vitendo: mtoto anayesomea nyumbani asifungiwe nyumbani. Mzazi aliyekwisha kuandika barua yake ya kumwondoa mtoto shuleni, asiitume kabla hajajua watakwenda kwenye kikundi gani juma linalofuata.