Katanga ilichimba shaba miaka 50 bila mhandisi wake: mlango wa Polytechnique na namna ya kuingia

Lubumbashi. Kila mwaka matokeo ya Exetat yanapotoka, vijana wanamwagiwa poda kichwani na nyimbo zinasikika katika kila mtaa. Siku mbili tatu zikipita, swali linaingia nyumbani: mtoto ataenda kusoma nini? Katika mji huu wa shaba wengi wanajibu bila kusita: injenieri. Jibu hilo linaonekana la kawaida leo. Kwa babu zao halikuwezekana.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata, 1911, shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa. Waafrika walichimba, walibeba na kulisha tanuru. Wazungu walichora plani, walipima udongo na kushika hesabu.

Kuanzia mwaka 1928 kampuni ilibadilisha siasa yake. Badala ya kuleta wanaume kwa mikataba mifupi, ilitaka wakae na bibi na watoto wao katika kambi za wafanyakazi. Hapo shule zikajengwa, zikisimamiwa na wamisionari. Lakini shule hizo zilikuwa na mpaka. Mtoto aliweza kutoka akiwa fundi wa vyuma, seremala, karani au kapita. Kuwa mhandisi hakukuwa katika mpango. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitaka watu wengi wajue kusoma na kazi za mikono, si wachache wafike juu.

Vyuo vikuu vilikuja kwa kuchelewa. Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954. Chuo kikuu cha serikali kilifungua milango hapa Elisabethville mwaka 1956, na mwanzoni wanafunzi wake wengi walikuwa wazungu. Mwaka 1959 Lovanium ilipata TRICO, mtambo wa kwanza wa nyuklia katika Afrika. Marekani ilisaidia kuupata, nchi ambayo ilikuwa imetumia urani ya Shinkolobwe, hapa Katanga, kutengeneza mabomu yake ya kwanza ya atomiki.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ikapata uhuru. Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika hata 30. Mhandisi hakukuwa hata mmoja. Nchi ilikuwa na mtambo wa nyuklia, reli na migodi mikubwa, lakini haikuwa na mtoto wake wa kuvisimamia.

Matokeo yalionekana mapema. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni iliyozaliwa hapo ndiyo tunayoijua leo kwa jina la Gécamines. Hata hivyo ilibidi Wabelgiji wapewe tena mkataba wa kusaidia kazi za kiufundi na kuuza shaba. Mgodi ulikuwa umerudi mikononi mwa nchi, lakini ujuzi ulibaki kwa wengine.

Ndiyo maana masomo yakawa vita ya pili ya uhuru. Mwaka 1967 mtihani wa serikali ulianzishwa, ili kijana wa kijijini na wa mjini wapimwe kwa maswali yale yale. Mwaka 1971 vyuo vikuu viliunganishwa kuwa UNAZA, na mwaka 1981 vikagawanywa tena: Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Katika miaka ya 1980, Gécamines ilifika kutoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na wahandisi Wakongomani walikuwa ndani ya kazi. Kampuni ilipoanguka baadaye, haikuwa kwa kukosa watu waliosoma. Feza za shaba hazikurudishwa katika mashine.

Wanawake nao wamepita mlango huo. Roboti za kuongoza magari zilizoonekana Kinshasa mwaka 2013 zilitengenezwa na kikundi cha mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, aliyesoma ISTA.

Sasa, kijana anayetaka kuingia afanye nini?

Kwanza, achague njia. Polytechnique ya chuo kikuu inatoa ingénieur civil. Jina hili linadanganya wengi: si mtu wa majengo tu. Ni mhandisi wa chuo kikuu, awe wa migodi, umeme, mekanike au kuyeyusha madini. Vyuo vya ufundi vya juu kama ISTA vinafuata zaidi njia ya ufundi na mazoezi. Katika mpango mpya wa LMD, licence ni miaka 3 na master ni miaka 2.

Pili, atengeneze dosye mapema: diploma ya serikali au hati ya matokeo, bulletins za madarasa ya mwisho, hati ya kuzaliwa, picha ndogo, na karatasi nyingine ambazo chuo kinaomba. Karatasi ya kuzaliwa ndiyo inayochelewesha wengi. Isingojewe hadi Septemba.

Tatu, ajitayarishe kwa mtihani wa kuingia. Hesabu na fizikia ndizo zinazochuja watu. Aliyetoka math-physique au sehemu ya umeme na mekanike ana mwanzo mzuri, lakini hata yeye arudilie daftari zake wakati wa likizo.

Nne, aulize bei yote kabla ya kulipa ya kwanza: kujiandikisha, masomo ya mwaka, nyumba, chakula. Alipe benki au kwenye kaunta ya chuo na achukue risiti. Asimpe feza mtu wa njiani anayeahidi nafasi. Na kama chuo ni kipya, aulize kwanza kama kinatambuliwa na wizara ya ESU.

Leo Kongo ni ya kwanza duniani kwa kobalti na iko kati ya nchi za mbele kabisa kwa shaba. Malori yanapita usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa. Mwaka 1960 hakukuwa na Mkongomani wa kusoma plani za mgodi. Wazazi, mtoto akiomba hati ya kuzaliwa kwa ajili ya dosye, msimwambie angoje kesho.